Shaba Niliyofundishwa Kuikataa

Nimelelewa na msubi. Baba yangu aliyeyusha shaba uani kwetu Temeke, na tangu utotoni nilijua kazi yake inapimwa kwa jambo moja: kitu kikitoka kwenye kalibu na kukatwa, ndani kisionekane kitundu. Kitundu kilikuwa aibu. Kilisema mchanga wa kalibu ulikuwa na unyevu, au shaba ilipashwa kupita kiasi ikameza hewa, au fundi alimimina kwa pupa. Kitu chenye vitundu hakikwenda kwa mteja. Kilirudi chunguni kikayeyushwa upya. Nilipohama uani na kwenda mtaa wa Gerezani, hapohapo Dar es Salaam, kujifunza kukereza vyuma, imani ile nilikwenda nayo. Shaba nzuri ni nzito na imeshikamana. Hivyo ndivyo walivyoamini mafundi wote niliowaheshimu.

Leo natafuta shaba yenye vitundu, na sehemu kubwa ya siku yangu inakwenda katika kuvilinda visizibe. Natoa ushuhuda huu kwa sababu mabadiliko hayo yamegeuza mikono yangu, karakana yangu na maneno ninayomwambia mteja, na kwa sababu nawajua mafundi wenzangu ambao jambo hili lingewafaa kuliko hata lilivyonifaa mimi.

Lilianza na feni. Anayeishi Dar es Salaam anajua Januari na Februari zilivyo. Pangaboi la darini huzunguka kwa beringi za gololi, lakini feni ya mezani na ile ya kusimama, zile za bei ambayo mtu wa kawaida anaimudu, shafti yake hukaa ndani ya bushi mbili ndogo za bronzi, yaani shaba nyekundu iliyochanganywa na stani. Bushi zikichoka, feni huanza kulia. Halafu inazunguka kwa uvivu, halafu mpaka uisukume kwa kidole, na mwisho inanguruma tu imesimama huku mota ikiungua. Mteja anakuja na bushi mkononi: "Fundi, nichongee nyingine kama hii." Gerezani tulikuwa tunachukua kipande cha bronzi ya kusubu, tunatoboa, tunakereza, tunampa. Inang'aa, inaingia vizuri, mteja anaondoka na furaha. Baada ya muda feni inarudi imekauka kabisa, kwa kuwa bronzi iliyoshikamana inataka mafuta kila mara, na feni haina nipo ya grisi wala mahali pa kuyaweka mafuta hayo. Sisi tulilaumu shafti, au umeme.

Jirani yetu alikuwa mzee wa kusuka mota. Alinikuta siku moja nimeifunga bushi ya kiwandani kwenye mashine, nataka kuipanua tundu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hiyo usiikate, mwanangu. Ifungue, uipashe moto kwanza."

Nikaiweka juu ya jiko la umeme. Nilikuwa nimeifuta kwa kitambaa mpaka imekauka. Ilipopata joto ikaanza kulowa yenyewe: matone madogo ya mafuta yalitokeza kwenye ukuta wake, ndani na nje, yakaungana. Nikazima jiko, na bushi ilipopoa mafuta yakapungua tena usoni, yakizama mle yalimotoka. "Inakunywa," mzee akaniambia. "Ukiikata kwa kisu butu, unaiziba kinywa."

Sikulala vizuri usiku ule. Kesho yake nilikereza bushi ya bronzi tupu yenye vipimo vilevile: milimita 12 kwa nje, 8 kwa ndani, urefu 12. Ile ya kiwandani niliichemsha na kuikausha mpaka mafuta yakaisha, nikazipeleka zote mbili kwa sonara Kariakoo, mahali pekee ninapopajua penye mizani ya kuaminika kwa vitu vidogo hivyo. Yangu ilikuwa gramu 6.6. Ya kiwandani, gramu 4.8. Umbo lilelile, rangi ileile, lakini zaidi ya robo ya mwili wake haikuwapo. Baba angeirudisha chunguni bila kuuliza swali.

Mhadhiri mmoja wa uhandisi, ambaye nilikuwa nimemchongea vifaa vya maabara, ndiye aliyenionyesha bushi ile chini ya hadubini, imekatwa na kung'arishwa. Niliona punje zimeshikana mabegani na kuacha nafasi kati yake, na nafasi hizo zimeungana kutoka ukuta mmoja hadi mwingine, kama ndani ya mkate wa kumimina. Mapovu ya hewa katika kitu cha kusubu hukaa kila moja peke yake, limefungwa. Halina faida, linadhoofisha tu. Vinyweleo nilivyoviona pale vilipangwa, na mafuta yanaweza kusafiri ndani yake kutoka upande mmoja hadi mwingine.

Basi nikataka kujua vinapangwaje, na hapo ndipo ujuzi wangu wote wa kusubu ulipopinduliwa.

Kazi huanza na unga. Metali huyeyushwa, huachwa itiririke nyembamba kupitia tundu chini ya chungu, na mtiririko ule hupigwa na maji au gesi yenye msukumo mkubwa mpaka unasambaratika kuwa matone yanayoganda yakiwa bado hewani. Maji huigandisha metali ghafla, na punje hutoka zina kona na pembe. Gesi huipa nafasi ya kujikusanya, na punje hutoka za mviringo. Shaba nyekundu tupu huweza pia kufanywa unga kwa umeme, ndani ya maji yenye tindikali, na huko punje huota matawi. Nilidhani umbo la punje ni jambo la wataalamu kupitishia wakati. Kumbe ndilo linaloamua unga utafanya kazi gani. Zenye pembe zikishinikizwa hukamatana, na kitu kinaweza kuinuliwa kwa mkono kabla hakijaona moto. Za mviringo hazikamatani hivyo, lakini zikimiminwa tu kwenye kalibu bila kushinikizwa na kuokwa, huacha kati yake nafasi zinazokaribia kulingana. Hizo za mviringo ndizo zinazotengeneza vichujio vya bronzi: kile kichwa kidogo cha rangi ya dhahabu kinachochomekwa mahali hewa inapotokea kwenye vali za mashine za upepo wa kompresa, ambacho nimekitupa mara nyingi nikidhani ni kizibo chakavu.

Kwa bushi, kanuni ya kawaida ni shaba nyekundu sehemu 90 na stani sehemu 10, mara nyingi na grafiti kidogo. Unga hujazwa kwenye kalibu ya chuma kigumu na kubanwa kwa shinikizo la kati ya megapaskali 140 na 280 hivi. Kisha huingia tanurini, kwenye nyuzi 800 na kitu za Selsiasi, ndani ya gesi isiyo na oksijeni, mara nyingi nitrojeni iliyochanganywa na haidrojeni, ili shaba isiungue ikawa nyeusi.

Msubi anaposikia namba hiyo anasimama. Shaba nyekundu huyeyuka kwenye nyuzi 1085. Hapa haikufika. Stani, inayoyeyuka kwenye nyuzi 232 tu, ndiyo iliyoyeyuka, ikatambaa kati ya punje za shaba na kunywewa nazo, na palepale aloi ikazaliwa wakati umbo limesimama wima bila kumwagika. Bushi hata huvimba kidogo wakati huo, ndiyo maana baada ya kuokwa hupitishwa tena kwenye kalibu nyingine ya kusahihisha vipimo. Mwisho hutiwa ndani ya mafuta huku hewa ikivutwa kutoka kwenye vinyweleo vyake. Maisha yangu yote niliamini kwamba metali mbili haziwezi kuwa moja mpaka zote mbili ziwe uji. Sikuwa nimewahi kufikiria kwamba zinaweza kukutana zikiwa zimesimama.

Mafuta yanayoingia katika bushi ile ya gramu 4.8 hayafiki robo ya mililita. Ni matone manne hivi. Shafti ikizunguka, bushi inapata joto, mafuta yanatanuka na kuvutwa nje, yanatandaza utando mwembamba ambao shafti inaelea juu yake. Feni ikizimwa, inapoa, na vinyweleo vinayanyonya mafuta kurudi ndani. Matone manne yanaenda na kurudi hivyo kwa miaka, chumbani mwa mtu asiyejua kama yapo. Bushi za namna hii zilianza kuenea Marekani katika miaka ya 1920 na 1930, magari yalipozidi na watu kushindwa kukumbuka kupaka mafuta kila kiungo. Naiheshimu sana akili iliyobuni jambo hilo, maana ilimfikiria mtu ambaye hatakumbuka.

Kuanzia hapo nilibadilisha kazi. Sipitishi tena rima kwenye bushi ya unga, kwa sababu rima inapaka metali juu ya vinyweleo na kuviziba. Ikibidi kukata, nakata kwa kisu kikali sana na kidogo sana. Msasa ni mwiko, chenga zake hubaki ndani na kuila shafti. Wateja wa feni nawaomba wasitie mafuta ya kula wala ya nazi. Najua yako karibu, najua feni inanyamaza siku hiyohiyo, lakini mafuta ya mimea yakikaa kwenye joto hugeuka ulimbo, na ulimbo ndani ya vinyweleo hautoki kirahisi. Ya cherehani ni afadhali, ila ni mepesi mno na hukauka mapema. Nayapendelea mafuta ya madini yasiyo na sabuni ya kusafishia injini, ya uzito wa SAE 20 au 30.

Bushi iliyokauka lakini haijalika naijaza upya kwa mtambo niliouunda kwa kompresa ya friji kuukuu. Naiosha bushi, naikausha, naizamisha kwenye chupa nene ya mafuta yaliyopashwa moto kidogo, nafunga, kompresa inavuta hewa. Mapovu hutoka kwa wingi, halafu kwa uchache, halafu hayatoki. Nikiachia hewa irudi, mafuta yanasukumwa ndani. Asiye na kompresa anaweza kuziba tundu la chini kwa kidole, akajaza mafuta, akaziba juu kwa kidole gumba na kubana mpaka bushi itoe jasho kwa nje. Mzee wa mota ndiye aliyenifundisha njia hiyo ya vidole, na vijana wangu wote wanaijua.

Sisemi bronzi ya kusubu imepitwa. Bushi ya unga inapenda mwendo na haipendi kugongwa. Mashine ya kukamua miwa inazunguka polepole na kubanwa kwa nguvu, miwa ikiingia kwa vishindo. Nikiiwekea bushi yenye vinyweleo itapondeka. Hapo nachukua bronzi nzito, nachonga mifereji ya grisi, naweka nipo, na namwambia mwenye mashine akumbuke kuipaka. Kilichobadilika ni kwamba sasa nauliza kazi kwanza, ndipo nichague metali. Zamani metali ilikuwa moja na kazi zote ziliifuata.

Nilipokwisha kuwa na macho hayo, nikaanza kuuona unga wa shaba kila mahali. Trekta linaloletwa kubadilishwa sahani za klachi: kipande kile cha kahawia kilichoshikizwa kwenye sahani mara nyingi ni unga wenye shaba nyingi uliookwa juu ya chuma, kwa sababu shaba hupeleka joto mbali haraka. Diski ya kukatia terazo na graniti: chenga za almasi mle mara nyingi zimeshikwa na bronzi ya unga, iliyopangwa ilike kwa kasi inayofaa ili almasi mpya zitokeze zile za zamani zikichoka. Shafti ya pampu iliyolika hurushiwa unga wa bronzi yenye alumini kwa mwali wa moto mpaka inarudi kipimo chake. Kila moja ya hizo ni somo la peke yake.

Iliyonishangaza zaidi ni dhahabu ya kadi za harusi. Rangi ile, na ile ya maandishi ya fremu na maboksi ya zawadi, haina dhahabu. Ni brasi, yaani shaba nyekundu na zinki, iliyosagwa na kupigwa mpaka kila punje ikawa bapa, ikapakwa mafuta mazito ili punje zilale juu ya rangi na kurudisha mwanga. Ujerumani, katika eneo la Nuremberg na Fürth, ufundi huo ni wa siku nyingi. Na Mwingereza Henry Bessemer, ambaye dunia inamjua kwa chuma cha pua, utajiri wake wa kwanza ulitoka humo. Alitaka unga wa dhahabu kwa ajili ya maandishi kwenye albamu ya dada yake ya michoro ya maua, akaona bei: shilingi 7 za Kiingereza kwa wakia moja. Alipojua ni brasi tu, ambayo ratili nzima iliuzwa kwa peni chache, akaunda mashine za kuusaga. Hiyo ilikuwa miaka ya 1840. Vipande vya mashine aliviagiza kwa mafundi mbalimbali ili asiwepo aliyeiona nzima, na kazi akawakabidhi shemeji zake. Siri ilidumu miongo mingi, na fedha zake ndizo zilizomwezesha kujaribu mambo ya chuma. Nikiisoma habari hiyo huwa nawaza juu ya mafundi waliochonga vile vipande bila kuambiwa ni vya nini. Natamani wangeambiwa.

Juu kabisa kwenye ngazi ya kazi za unga, mwaka 2015 shirika la anga la Marekani, NASA, lilitangaza kwamba huko Huntsville, Alabama, limechapisha kwa leza ukuta wa ndani wa chumba cha kuunguzia cha injini ya roketi, kutokana na unga wa aloi ya shaba, kromu na niobi. Tabaka 8,255, siku 10 na saa 18. Ugumu wa kuchapisha hivyo ni kwamba shaba hurudisha mwanga wa leza na kusambaza joto kabla haijayeyuka, na kusambaza joto huko ndiko kunakoifanya ifae kwa injini hiyo. Mashine kama ile siitarajii Gerezani. Lakini unga ni unga, na kanuni za punje ni zilezile ninazozishika kila siku.

Kuna jambo la afya ambalo lazima niliseme. Zinki huchemka kwenye nyuzi 907, kabla shaba nyekundu haijayeyuka. Kwa hiyo anayeyeyusha brasi kwenye chungu wazi anazungukwa na moshi mweupe. Baba alikuwa akirudi ndani jioni akitetemeka kwa homa, asubuhi amepona, na anarudi tena kazini. Wote tulijua dawa yake ni maziwa, na mpaka leo wachomeleaji wanayanywa. Maziwa hayaondoi mafusho yaliyokwisha kuingia mapafuni. Kinga ni kutoyavuta: hewa inayopita, chungu kilichofunikwa, barakoa ya kweli. Uani kwetu sasa brasi haiyeyushwi tena, mimi mwenyewe nililiomba hilo na baba akakubali. Unga nao una vumbi lake. Ule laini ukitimuka karibu na moto unaweza kulipuka, na hauna kazi mapafuni mwa mtu. Hata kilichokwisha kuwa bidhaa hakiishii hapo. Jimbo la California lilipitisha sheria mwaka 2010 ya kupunguza shaba kwenye pedi za breki mpaka isizidi asilimia 0.5 ifikapo 2025, kwa kuwa vumbi la breki lilikuwa likisombwa na mvua hadi mitoni na kuwadhuru samaki. Nasi tuna mito ya Msimbazi na Mzinga. Naona inafaa tuanze kufikiri.

Karibu kila siku malori yenye bamba za shaba nyekundu huingia bandari ya Dar es Salaam kutoka Katanga na Zambia, yakiwa yamepitia Tunduma. Shaba ile ni safi kabisa, asilimia 99.99. Inapanda meli. Sehemu yake inarudi ikiwa bushi ndani ya feni, na bushi ikichoka mteja ananiletea mimi. Jambo hili linaniuma, na nimeamua kulishughulikia kwa kipimo cha karakana yangu.

Nilipiga hesabu. Uso wa bushi ile ya milimita 12 kwa 8 unaoshinikizwa ni milimita za mraba 63. Kwa megapaskali 200, nguvu inayotakiwa ni kama tani 1.3. Jeki ya kawaida ya gereji inainua zaidi ya hapo. Kalibu nimeichonga mwenyewe kwa chuma cha vifaa, nikaipeleka kutiwa ugumu. Viwandani kalibu kama hiyo hulipa pale tu zinapotoka bushi maelfu, na Gerezani feni za maelfu tunazo, mradi mafundi tukubaliane vipimo vichache badala ya kila mmoja kuchonga chake. Nimeanza kuwauliza wenzangu wa mota vipimo wanavyovipokea mara nyingi, na daftari linajaa.

Tanuri ndiyo kazi ngumu. Haidrojeni siiweki karakanani kwangu, ni hatari. Nitajaribu sanduku la chuma lililofungwa, bushi zikiwa zimezungukwa na mkaa uliosagwa, ili mkaa ule oksijeni kabla haijaifikia shaba, na kipimajoto cha umeme kitaonyesha nyuzi zisizidi 830. Mhadhiri yule amekubali kuzikata zitakazotoka na kuziweka chini ya hadubini. Unga wa 90 kwa 10 nimeshauagiza.